Mstari wa Besi ni Somo la Fizikia

Katika miji midogo ya Tanzania, Mwanhuzi ukiwa mmojawapo, hawakosekani vijana waliomaliza shule ya sekondari ambao hutengeneza muziki kwa kompyuta. Vifaa vyao si vingi: kompyuta ndogo, kipaza sauti, spika mbili na sabufa. Wazazi aghalabu huiona kazi hiyo kuwa ni kupoteza wakati, na walimu wengi huihesabu kuwa adui wa masomo. Makala hii inashikilia maoni yaliyo kinyume cha hayo. Kijana anayetunga mstari wa besi kwa programu ya kompyuta anashughulika, ajue asijue, na sehemu kubwa ya mada ya mawimbi iliyomo katika muhtasari wa fizikia. Akishindwa kutambua jambo hilo, lawama si yake peke yake. Shule iliyompa kanuni za kukariri, bila ya kumwonyesha mahali zinapofanya kazi, inashiriki lawama hiyo.

Besi na asili yake

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Besi ni jina la eneo la chini kabisa la upana huo, takriban kutoka hezi 40 hadi 200. Mstari wa besi ni mfululizo wa noti katika eneo hilo, ambao kazi yake ni kuunganisha mdundo wa ngoma na wimbo unaoimbwa juu yake.

Watu wa Meatu hawakufundishwa na kompyuta kuipenda sauti nzito. Katika bugobogobo, mchezo wa Wasukuma unaochezwa kwa majembe na ambao asili yake ni kazi ya kulima kwa pamoja, ngoma kubwa ndiyo inayoshika mwendo, na ngoma ndogo hucheza katika nafasi inayoachwa. Hata hivyo ngoma na uzi havitetemi kwa namna moja. Uzi uliokazwa hutoa mtetemo wa msingi pamoja na mitetemo ya juu ambayo ni vigawe kamili vya ule wa msingi: mara 2, mara 3, mara 4, na kuendelea. Mitetemo hiyo huitwa harmoniki. Ngozi ya ngoma hutoa mitetemo ambayo si vigawe kamili; kwa ngozi sawia iliyokazwa kwenye duara, mtetemo wa pili huwa mara 1.59 ya ule wa kwanza, na wa tatu mara 2.14. Ndiyo maana ngoma huusimamisha mwendo vizuri sana, lakini si rahisi kuimba noti yake. Bendi za dansi, kama Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978, ziliiweka kazi ya noti za chini katika nyuzi nne za gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene hutetema mara 41.2 kwa sekunde.

Kompyuta imekuja kuchukua nafasi ya gitaa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza mashine iliyoitwa TB-303, ili mwanamuziki anayefanya mazoezi peke yake apate wa kumpigia besi. Mashine hiyo haikununuliwa sana, na mwaka 1984 utengenezaji wake ukasimamishwa. Vijana wa Chicago, Marekani, waliipata ikiwa imekwisha tumika na kwa bei ya chini. Badala ya kuitumia kama alivyokusudia mtengenezaji, wakavizungusha vitufe vya kichujio wakati noti zikiendelea kulia. Mwaka 1987 kundi la Phuture lilitoa “Acid Tracks”, na aina mpya ya muziki ikaenea duniani. Leo besi inayoiga mashine hiyo imo hata ndani ya LMMS, programu huru isiyolipiwa. Funzo la historia hiyo ni kwamba chombo humnufaisha zaidi yule anayechunguza ndani yake kunafanyika nini.

Namba zilizofichwa ndani ya noti

Mtu anapoweka noti kwenye kioo cha kompyuta huona kijisanduku cha rangi tu. Ndani yake mna namba. Mwaka 1983 watengenezaji wa vyombo vya muziki wa Marekani na Japani walikubaliana juu ya lugha moja ya vyombo vya umeme, iitwayo MIDI, ambamo kila noti hupewa namba kuanzia 0 hadi 127. Noti A ya hezi 440 ni namba 69. Kila hatua moja ya kupanda huzidisha marudio kwa kipeuo cha kumi na mbili cha 2, yaani takriban 1.0595; hatua 12 huyafanya kuwa maradufu, na umbali huo ndio oktava. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekwisha kujifunza vipeo na logi anaweza kutafuta mwenyewe kwamba noti namba 33, iliyo oktava tatu chini ya 69, ina hezi 55, na kwamba namba 40 ina hezi 82.4. Uwiano wa hizo mbili ni karibu sana na 3 kwa 2, ambao sikio huuona kuwa mtulivu. Kwa sababu hiyo noti hizo mbili hukutana mara nyingi katika mistari ya besi.

Mfano rahisi utaonyesha jinsi mstari unavyojengwa. Kipande kimoja cha wimbo hugawanywa katika visanduku 16. Ngoma kubwa hupigwa katika visanduku vya 1, 5, 9 na 13. Besi ya hezi 55 iwekwe katika kisanduku cha 1 na cha 4. Ya hezi 82.4 katika cha 7. Ya hezi 55 tena katika cha 11. Na ya hezi 49, iliyo hatua mbili chini, katika cha 15, ili isukume wimbo kurudi mwanzo. Besi na ngoma hukutana mara moja tu, katika kisanduku cha kwanza. Penginepo besi hujibu pale ngoma inaponyamaza. Hilo si pambo tu. Sauti mbili zilizo katika eneo moja la marudio, zikilia kwa wakati mmoja, hufunikana, na sikio hushindwa kuzitenganisha. Wapigaji wa ngoma wa zamani walilijua jambo hilo kwa mazoea; fizikia hueleza sababu yake.

Simu isiyo na besi

Baada ya noti huja umbo la wimbi. Programu nyingi hutoa maumbo manne: wimbi la sini, lile linalochorwa katika trigonometria; wimbi la pembetatu; wimbi la mraba; na wimbi la meno ya msumeno. La sini lina mtetemo wa msingi pekee. La mraba lina harmoniki zisizogawanyika kwa mbili: ya 3, ya 5, ya 7. La msumeno lina harmoniki zote, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia.

Hapa ndipo elimu inapopambanuka na kubahatisha. Kijana anaweza kutunga besi ya wimbi la sini la hezi 55, nayo ikatikisa meza katika sabufa yake. Wimbo huo ukihamishiwa kwenye simu ya msikilizaji aliye njiani kwenda mnadani, besi yote hutoweka. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa ya kutosha kwa marudio ya chini, na chini ya hezi 300 hivi hutoa sauti hafifu sana. Mtungaji akibadili wimbi hilo kuwa la msumeno, bila ya kubadili noti, besi husikika tena katika simu ile ile, na kwa noti ile ile, ingawa hezi 55 zenyewe hazitoki.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1841 mwanafizikia wa Kijerumani August Seebeck alionyesha kwa king’ora cha matundu kwamba sikio linaweza kusikia noti ya chini hata pale ambapo mtetemo wake wa msingi ni dhaifu mno. Harmoniki za hezi 330, 385 na 440 zikifika pamoja, ubongo huona kwamba zote ni vigawe vya 55, na mtu husikia noti ya 55. Kila mwanafunzi amekwisha kulithibitisha hilo bila ya kujua. Simu za kawaida zilijengwa kupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na sauti ya mwanamume aliyekomaa ina mtetemo wa msingi wa hezi 100 hadi 130 hivi. Lakini hakuna aliyepata kumpigia babu yake akadhani anazungumza na mtoto.

Chumba kinachodanganya

Kosa la pili la kawaida hutokana na chumba. Mchana wenye joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi huiandika daftarini, kasi ikigawanywa kwa marudio hutoa urefu wa wimbi. Hivyo wimbi la hezi 55 lina urefu wa mita 6.3. Wimbi refu kiasi hicho hupita kwenye vizuizi vinavyozuia sauti nyembamba. Ndiyo sababu mtu aliye mbali na ukumbi wa harusi husikia besi peke yake, bila ya maneno ya mwimbaji.

Sasa achukuliwe kijana aliyepanga chumba chenye upana wa mita 3. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni mita 3 hujirudia kati ya kuta mbili na kujijenga lenyewe. Marudio yake ni 349 gawanya kwa 6, yaani hezi 58. Hilo ni wimbi simamizi, lile lile linalochorwa ubaoni kwa mfano wa kamba. Noti A kali, ya hezi 58.3, itanguruma karibu na ukuta, na katikati ya chumba itakuwa hafifu. Mtungaji aliyeegemea ukuta ataona kwamba noti hiyo imezidi, ataipunguza, na wimbo ukipigwa uwanjani, ambapo hakuna kuta, noti hiyo itakosekana. Atalaumu kompyuta, au atalaumu spika, ilhali mkosaji ni upana wa chumba.

Kutundika blanketi jembamba hakusaidii, kwa kuwa unene wake si kitu mbele ya wimbi la mita 6. Magunia manene ya pamba yaliyosimamishwa pembeni mwa chumba hupunguza tatizo kiasi, mradi moto uwekwe mbali, na pamba si kitu cha kuagizwa kutoka nje ya Meatu. Dawa iliyo bora zaidi ni kipimo: kuusikiliza wimbo mahali zaidi ya pamoja ndani ya chumba, kisha nje, kisha katika simu, na kuandika tofauti zilizoonekana. Utaratibu huo hauna jina jingine ila ni majaribio ya kisayansi.

Mwendo uliochaguliwa na mwingine

Programu ya muziki ikifunguliwa huwa tayari imekwisha fanya uamuzi. LMMS huanza kwa mapigo 140 kwa dakika. FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, huanza kwa 130. Nyingine huanza kwa 120. Kipande hugawanywa kwa nne, na oktava kwa hatua 12 zilizo sawa. Hakuna ubaya katika maamuzi hayo, lakini hayakufanywa kwa kusikiliza majembe ya Meatu. Kijana asiyejua kwamba yanaweza kubadilishwa ataulazimisha wimbo wa kwao kuingia katika kipimo kisicho chake, kisha atadhani kwamba wimbo wenyewe ndio wenye kasoro.

Mwendo pia hutawala aina ya besi. Singeli, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa mwendo wa 200, pigo moja huchukua sekunde 0.3, na robo ya pigo sekunde 0.075. Noti ya hezi 41.2 katika muda huo hutetema mara tatu tu, na sikio halipati nafasi ya kutambua kuwa ni noti gani, husikia kishindo. Mtungaji anayetaka besi inayoimbika katika mwendo huo hana budi kuchagua moja kati ya mambo mawili: kupandisha noti, au kuzirefusha na kupunguza idadi yake. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Pamba ghafi na kitambaa

Mkulima wa Meatu anajua maana ya kuuza pamba ghafi na kununua nguo iliyoshonwa. Hatari iliyopo katika muziki wa kompyuta ni ya namna hiyo hiyo. Vipande vya besi vilivyokwisha tengenezwa hupatikana kwa wingi kutoka nchi za nje, na kijana anaweza kuviunganisha kwa nusu saa na kuuita wimbo. Kazi hiyo humpa sauti nzuri na humnyima ujuzi. Siku msikilizaji atakapotaka kitu kingine, hatakuwa na la kufanya isipokuwa kutafuta kipande kingine cha mtu mwingine. Anayejua kwa nini wimbi la msumeno husikika katika simu, na kwa nini noti fulani hupotea uwanjani, anaweza kuupima mdundo wa nyumbani kwao na kuujengea besi inayoufaa.

Watakuwapo wa kupinga. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba shule hazina kompyuta za kutosha. Ni kweli, lakini majaribio yaliyotajwa hapa huhitaji kompyuta moja, simu moja na futi ya kupimia. Hata pasipokuwa na kompyuta, waya uliokazwa juu ya ubao na kopo tupu huonyesha kwamba urefu ukipunguzwa nusu marudio huwa maradufu, na kwamba ili kupata matokeo hayo kwa kukaza waya, nguvu ya mkazo hupaswa kuongezwa mara nne. Hoja ya pili itakuwa kwamba taifa lahitaji wahandisi na waganga kabla ya wanamuziki. Jibu ni kwamba kichujio cha besi na kichujio katika mtambo wa redio hufuata kanuni moja, na mashine inayoonyesha mtoto tumboni mwa mama hutumia mawimbi ya sauti, ingawa ni yale yaliyo juu mno kwa sikio. Aliyeelewa mawimbi kwa njia moja amekwisha pata mlango wa kuingilia kwingine. Hoja ya tatu itakuwa kwamba kompyuta itaziua ngoma za wazee. Ngoma zitauawa na kusahauliwa. Kuzipima na kuzirekodi kwa uangalifu, kwa ridhaa ya wenyewe, ni njia moja ya kuzihifadhi.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika elimu ya sekondari. Uamuzi huo ni mwema, lakini una mtego ndani yake. Endapo muziki utahesabiwa kuwa kazi ya mikono tu, na fizikia kuwa kazi ya akili tu, kila upande utapoteza nusu ya elimu yake: mwanafunzi wa amali atabonyeza vitufe asivyovielewa, na yule wa jumla atakariri kanuni asizozisikia.

Yapo mambo matatu yawezayo kuanzwa pasipo kungojea waraka wowote. Kwanza, mwalimu wa fizikia anapofika katika mada ya mawimbi awape wanafunzi wake besi ya hezi 55 kwa wimbi la sini na kwa wimbi la msumeno, waisikilize katika simu na katika sabufa, na waeleze tofauti kwa maandishi. Pili, wanafunzi watumwe kwenda kuhesabu mapigo ya ngoma za kijijini kwao kwa saa, kwa muda wa sekunde 15 mara kadhaa, na kuandika wastani pamoja na tofauti zake. Kazi hiyo ifanywe kwa heshima na kwa idhini ya wazee. Tatu, vijana wenye vyumba vya kurekodia waalikwe shuleni, si kutumbuiza, bali kueleza matatizo ya sauti wanayokutana nayo, ili wanafunzi wayatafutie majibu kwa kanuni walizo nazo daftarini.

Mwalimu atakayefanya hayo hatakuwa amegeuza darasa kuwa ukumbi wa dansi. Atakuwa ameifanya sura moja ya kitabu cha fizikia kusikika kwa masikio, na amempa kijana wa Mwanhuzi sababu ya kukirudia kitabu hicho hata baada ya mtihani kwisha.